Mtu mzima na nguo ya kuogelea ya mikono mirefu, naomba tuache kuchekana

Wiki iliyopita nimepata meseji ya dada mmoja wa Nairobi, Desemba anaenda Diani na mashosti zake kusherehekea kutimiza miaka arobaini. Kilichomfanya aniandikie ni zile picha zangu za Unguja nilizoposti mwezi wa nane, niko majini na rashgadi, yaani blauzi ya kuogelea ya kukinga jua, ya rangi ya chungwa, mikono mpaka kwenye kiganja, chini taiti ya kuogelea mpaka kwenye kifundo cha mguu. Ananiuliza, dada samahani, ile nguo umeivaa kwa ajili ya dini, ngozi yako ina shida, au ni fasheni tu? Maana na mimi naitaka lakini nimeitaja kwenye grupu letu wakaniambia hizo ni za watoto.

Nimeisoma mara tatu. Nikasema basi leo naandika yote, maana mimi ile nguo sikuipenda dukani nikainunua tu, mimi nimeifikia kwa maumivu, na waliocheka wakati ule bado wapo na bado wanacheka wengine.

Kwetu Tanga, naishi Leicester, Uingereza. Mliopo nje mnajua likizo ya nyumbani inavyosubiriwa, unadunduliza mwaka mzima, unachukua shifti za usiku, unakula maharage ya kopo ili ukifika ule bata kama watu. Agosti 2018 ndio nilikuwa narudi baada ya miaka sita. Na kwa kuwa ukikaa Ulaya muda mrefu ile kinga ya malaria tuliyokua nayo inapungua, famasia walinipa doxycycline, kidonge kimoja kila siku, unaanza kabla hujasafiri na unaendelea wiki nne baada ya kurudi. Ndani ya boksi kuna karatasi ndefu imekunjwa mara nyingi. Sikuifungua. Ningeifungua ningekuta imeandikwa kabisa kwamba ukiwa kwenye dawa hii ngozi inaungua na jua kirahisi, jikinge.

Tanga nilikaa wiki moja kwa mama, tukavuka Unguja na kaka, wifi na watoto wao. Siku ya pili tukapanda boti Matemwe kwenda kisiwa cha Mnemba kuangalia samaki. Nilikuwa na nguo ya kuogelea nyeusi, mgongo wazi, kamba zinakatiza katikati, nilikuwa nimepungua kilo 11 mwaka ule na niliitunzia siku ile, sioni aibu kusema nilijipenda. Nikavaa miwani na mpira wa kupumulia, nikalala kifudifudi juu ya maji. Jamani Mnemba. Samaki wa njano wanapita mbele ya uso makundi kwa makundi, matumbawe, kasa mmoja alipita chini yangu taratibu mpaka nikamuona mikunjo ya shingo. Nahodha akituita tupumzike wengine wanapanda, mimi nabaki. Masaa matatu. Kusi ilikuwa inapuliza, maji ya baridi kidogo, na hakuna hata dakika moja niliyohisi jua, nilikuwa nahisi baridi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, upepo unakupooza ngozi huku jua linaendelea na kazi yake.

Jioni mgongo ukaanza kuvuta kama nimevaa blauzi ya saizi ndogo. Usiku ukawa moto. Nguo haigusi, shuka haligusi. Nyuma ya magoti, kule kwenye kunja, sikuweza kukunja mguu. Na kitu ambacho sijawahi kumsikia mtu anakisema, kichwani! Nilikuwa nimesuka twende kilioni, na ile mistari baina ya nywele yote iliungua, mstari mmoja mmoja, kila nikigeuza kichwa kwenye mto nasikia kama nimechorwa na kisu. Nililala kifudifudi usiku tatu, mpwa wangu wa miaka tisa ananilowekea kanga kwenye maji baridi ananitandikia mgongoni, ikishapata moto anaibadilisha.

Asubuhi tukaenda zahanati. Aliyenihudumia akaniangalia akasema watu weusi hawaungui na jua, hii ni aleji ya kitu ulichokula, labda pweza. Akanipa vidonge vya aleji. Nikarudi na vidonge vyangu, na mchana tunakula, wifi akasema mbele ya wageni wa kaka, "Kwani wewe mzungu, uungue na jua? Ulaya imekuharibu." Meza nzima wakacheka. Mimi nimekaa kwenye kona ya kiti nisiguse egemeo, nacheka nao huku machozi yananilenga. Tumeshasameheana na wifi yangu nampenda, lakini ile meza nikiikumbuka mpaka leo roho inaniuma, siwezi kudanganya.

Baada ya siku tano ngozi ikaanza kutoka, vipande vyepesi vinavyoonekana kama manda ya sambusa. Madoa meusi yalikaa mgongoni mpaka Pasaka ya mwaka uliofuata, katikati yake ile alama ya kamba imekatiza. Niliporudi Leicester ndio mfamasia, kabla hata sijamaliza kueleza, akaniuliza swali moja tu: ulikuwa unameza doxy?

Kwa hiyo somo la kwanza ni hilo, soma karatasi ya dawa. La pili, na hili naliandika kwa herufi kubwa kichwani mwangu kila siku, MWEUSI ANAUNGUA. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inasaidia, hakuna anayebisha, ngozi nyeusi sana inakadiriwa kuwa na kinga kama ya losheni ya jua ya SPF 13 hivi, SPF ni namba ya nguvu ya losheni kuzuia jua. Sasa 13 hiyo ipeleke karibu na ikweta mchana, ambako kipimo cha mionzi ya jua kinafika 11 na kupita, wakati Shirika la Afya Duniani linasema kujikinga kuanzie kipimo kikifika 3 tu. Halafu ingia majini ukidhani umejificha. Ukizama nusu mita bado karibu asilimia 40 ya ile mionzi inakufikia, povu la mawimbi linakurudishia kama asilimia 25, mchanga mkavu 15. Na sisi tukiungua hatuwi wekundu ndio maana hata mhudumu wa afya haoni, ngozi inazidi weusi, inakaza, inakuwa na joto ukiigusa, inauma. Ukiona hivyo umeungua, usikubali kuambiwa pweza.

Siku zilizobaki za likizo ile tulihamia Paje na mimi nikawa wa kukaa chini ya mvinje na kanga begani, naangalia wenzangu wanaogelea. Ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali kabisa, na akina mama wa mwani wanapita mbele yangu kwenda kwenye mashamba yao. Hapo ndio akili yangu ilifunguka. Mmoja alisimama kupumzika karibu na mimi nikamuangalia vizuri kuanzia chini. Soksi nzito na raba kuukuu, kwa ajili ya miiba ya baharini. Taiti. Juu ya taiti kanga imefungwa kiunoni. Shati la kiume la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni, miisho ya mikono imekazwa na mpira. Kilemba, juu ya kilemba kofia ya ukili. Kilichokuwa wazi ni uso na vidole basi. Mtu anayeshinda baharini masaa matano, miaka ishirini. Akaona mgongo wangu kanga ilipoteleza, akasema tu, "Pole mwanangu, maji yamekuunguza," wala hakushangaa, wala hakuniuliza kama mimi mzungu.

Sisi tunaovua nguo ni wageni wa siku tano. Wenyewe wa bahari wanajifunika! Na huyu mama hakuna anayemwambia amevaa kitoto.

Niliporudi nikaanza kutafuta. Nguo hizi zinapimwa kwa kitu kinaitwa UPF, namba ya kitambaa kinavyozuia mionzi ya jua, na waliotangulia ni Australia na New Zealand, walitoa kiwango chao cha kupima vitambaa mwaka 1996, maana saratani ya ngozi Australia ni janga la nchi, tangu 1981 wana tangazo la kuwaambia watu vaa shati, paka losheni, vaa kofia, na ukiangalia shati ndio limetajwa kwanza. Ikiandikwa UPF 50+ maana yake mionzi inayopenya kitambaa haifiki asilimia 2. Tisheti nyeupe ya pamba ambayo wengi tunaivaa majini tukidhani tumejikinga ni kama 7, na ikilowa inashuka mpaka 3 hivi. Niliogelea na tisheti miaka mingi nikijiona mjanja.

Ya kwanza niliinunua pauni 32, kipande kimoja kizima na zipu mgongoni. Kosa. Kwenye boti ukibanwa haja ndogo unavua mwili mzima, na zipu ya mgongoni unamuomba nani? Chukua vipande viwili, juu rashgadi, chini taiti, na juu kuwe na kile kitanzi au kamba ya kuifungia kwenye taiti isipande kiunoni ukiwa kifudifudi, maana kile kiuno kikibaki wazi vidole vinne kitaungua vidole vinne, nimeona kwa rafiki yangu. Shingo iwe ndefu. Rangi usichukue nyeupe, ikilowa inaonyesha, chukua kali kama chungwa, boti za Mnemba ni nyingi na nahodha akuone. Wenye misuko vaeni kofia ya kuogelea au kitambaa cha kichwa cha kitambaa hichohicho. Uso, mikono na nyayo paka losheni ya jua, rudia kila masaa mawili. Lakini mwili ukishafunikwa losheni inayoingia baharini ni kidogo, na hilo nalo si dogo, Palau walipiga marufuku losheni zenye baadhi ya kemikali kuanzia Januari 2020 na Hawaii mwaka uliofuata, kwa ajili ya matumbawe.

Joto? Kila mtu ananiuliza joto. Kitambaa kikilowa kinakupoza, ukitoka majini upepo ukipuliza unatafuta taulo.

Ila sio kila mahali utapokelewa. Kiangazi kimoja tulienda kusini mwa Ufaransa na watoto, nikaingia bwawa la manispaa na nguo yangu, dakika kumi nyingi mlinzi akanipigia filimbi nitoke. Mbele ya watu wote. Nikamwambia ni ya jua, akasema sheria ya bwawa, nguo ndefu haziruhusiwi. Walidhani ni burkini, ile nguo ya kuogelea ya kujisitiri ya wanawake wa Kiislamu. Na hata ingekuwa burkini ilimuumiza nani? Mnakumbuka 2016 miji kadhaa ya pwani kule, Cannes ikiwemo, ilivyoipiga marufuku mpaka mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikaingilia. Ile burkini yenyewe ilibuniwa Sydney na Aheda Zanetti mwaka 2004, na mwaka 2011 Nigella Lawson, mpishi wa kwenye televisheni Uingereza ambaye si Muislamu, alionekana ufukwe wa Bondi, hukohuko Sydney, kaivaa, na sababu yake ilikuwa jua. Mwanamke akijifunika anaulizwa, akifunua anaulizwa. Mama yangu yeye alipoiona alifurahi kwa sababu zake, "angalau umejisitiri mwanangu." Sawa mama. Kwa hiyo kabla hujalipia hoteli uliza bwawa lao linaruhusu nini, na ufukweni vaa unachotaka.

Kitu kingine kinaniuma nikiseme. Darasa la tano tulikuwa na mwenzetu mwenye ualbino, na paredi ya asubuhi alikuwa anavuliwa kofia kwa sababu kofia si sare. Tunasimama juani dakika arobaini mwalimu anahutubia. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma yake naona shingo yake imejaa vidonda, na sikuona ajabu. Nilikuja kumkumbuka usiku ule wa Unguja nikiwa kifudifudi na kanga mbichi mgongoni. Leo pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza losheni ya jua maalumu kwa wenye ualbino, Kilisun, jambo kubwa, lakini losheni bila shati na kofia haitoshi, na shati na kofia mzazi yeyote au mwalimu yeyote anaweza kuruhusu leo hii bila bajeti. Tuwaachie watoto kofia zao! Na tukiona mtu mzima kafunika mikono yake ufukweni tunyamaze, hujui kameza nini, hujui ngozi yake imepitia nini, labda ana lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na jua linamuamshia, labda hataki tu kuungua, inatosha.

Dada wa Diani, vaa. Desemba jua la pale halina huruma na mtakuwa majini kutwa. Agiza mapema ujaribu nyumbani, pima kwa kuinama ushike vidole vya miguu, kiuno kikifunuka rudisha dukani chukua saizi ya juu. Ukishaogelea suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini, usipige pasi. Umeniomba kama nina ya zamani nikutumie, ninayo ila sitakutumia, ile ya zipu ya mgongoni imeshalegea matakoni na mabegani, kitambaa kikilegea kinga inaondoka, jana nimeinyanyua dirishani nikaona mti wa jirani kupitia humo.