Kupima uakisi wa mwanga: ya kuzingatia kabla ya kugusa modeli

Wengi mnaoanza kazi ya kupima namna nyuso za vitu zinavyoakisi mwanga huwa na haraka ya kufikia modeli, yaani fomula ya hesabu inayoeleza uakisi huo, kwa kuwa hapo ndipo picha za kuvutia zinapoanza kuonekana. Ninawashauri mkae zaidi kwenye kipimo chenyewe, maana kosa lililoingia wakati wa kupima huwa modeli hailiondoi, bali hulibeba na kulipa sura ya ukweli.

Tunachokipima huitwa BRDF, uwiano uliofafanuliwa na Fred Nicodemus mwaka 1965: mwangaza unaotoka kwenye uso kuelekea upande mmoja, ukigawanywa kwa kiasi cha mwanga kinachouangukia uso huo kutoka upande mwingine. Kizio chake ni moja kwa steradiani, yaani kizio cha pembe ya anga. Kwa hiyo thamani yake si asilimia, na kwenye chuma kilichong'arishwa inaweza kuzidi moja kwa mbali bila kanuni yoyote ya nishati kuvunjwa. Usikate data kwa sababu hiyo pekee.

Kwa upande wa kamera, tumia picha ghafi, kwa sababu picha za JPEG zimekwisha kurekebishwa na namba zake haziendi sambamba na kiasi cha mwanga kilichopokelewa. Piga picha kadhaa zenye muda tofauti wa kupokea mwanga, kwani doa la mng'ao linaweza kuwa kali mara maelfu kuliko sehemu iliyo pembeni yake. Funika lenzi, upige picha za giza na kupunguza thamani zake kutoka kwenye vipimo. Kipande cheupe cha rejea kama Spectralon, kinachoakisi takriban asilimia 99 ya mwanga unaoonekana, kisiguswe kwa vidole.

Pembe ndizo zinazoharibu kazi nyingi, hasa pale mwanga unapokaribia kulala sambamba na uso. Ili kupata BRDF tunagawanya kwa kosaini ya pembe ya mwanga, inayopimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso. Kifaa kikisoma digrii 31 ilhali pembe halisi ni 30, kosa ni la takriban asilimia 1, nalo linavumilika. Kikisoma 86 ilhali pembe halisi ni 85, kosaini inashuka kutoka 0.087 hadi 0.070, na jibu linakuwa kubwa kwa karibu asilimia 25, ingawa kosa la kifaa ni lilelile la digrii moja. Isitoshe, katika digrii 80 doa la mwanga hurefuka karibu mara 6, hivyo sampuli ndogo huacha sehemu ya mwanga ipite nje ya kingo zake. Mimi huona ni heri kutangaza wazi kwamba data inaishia digrii fulani kuliko kujaza pengo kwa namba zisizo na msingi.

Kanuni ya Helmholtz inatupatia njia nzuri ya kujikagua: ukibadilishana mahali pa taa na kamera, BRDF inapaswa kubaki ileile. Ikitofautiana, kagua kwanza mpangilio wa vifaa kabla ya kuilaumu sampuli. Ukaguzi huu ufanyike kwenye data ghafi. Hifadhi ya data za BRDF ya MERL ya mwaka 2003, yenye nyuso za aina 100, hutunza kwa kila uso nafasi za pembe 90 kwa 90 kwa 180, yaani 1,458,000 kwa kila rangi, na hiyo 180 inatosha badala ya 360 kwa sababu kanuni hiyohiyo imekwisha kuchukuliwa kuwa kweli. Data iliyofungwa katika umbo hilo haiwezi tena kukufichulia kosa la aina hii.

Ndipo modeli ifuate. Ukitafuta vigezo vyake kwa kupunguza jumla ya miraba ya makosa, kilele cha mng'ao kitavuta hesabu yote upande wake, na sehemu hafifu zinazoupa uso rangi yake zitapuuzwa. Linganisha logi (logarithimu) za thamani badala ya thamani zenyewe, na upunguze uzito wa pembe za mlalo. Modeli ya GGX, iliyochapishwa mwaka 2007, hufaa pale mng'ao unapofifia polepole kuzunguka kilele. Usiridhike na namba moja ya kosa: chora tufe kwa kompyuta ukitumia vigezo ulivyopata, ulilinganishe na picha ya tufe halisi lenye uso wa aina hiyohiyo chini ya taa ileile, na utazame hasa ukingoni na pale mng'ao unapoishia.