Je, Mungu ananikuza au ananiadhibu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mwanangu wa miaka tisa ana selimundu, ule ugonjwa wa damu (sickle cell), na mwaka huu amelazwa mara nne. Kiongozi mmoja wa maombi ameniambia ni laana ya ukoo na uchache wa imani yangu. Anataka nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya laki tatu ili mtoto apone, na niache kumpa vidonge. Wengine wananiambia nishukuru, kwa kuwa Mungu ananikuza kiroho. Mimi hata kuomba siwezi, nalia tu. Nishike lipi?

JIBU: Mama, vidonge usiache. Nimelitanguliza hilo kwa sababu swali lako limeninyima usingizi, na mengine yote yanaweza kungoja.

Selimundu hurithiwa kweli, kwa baba na kwa mama, mara nyingi wote wawili wakiwa wazima wasiojua walichobeba. Lakini kurithi si kulaaniwa. Wanafunzi walipomwona kipofu wakauliza ni dhambi ya nani, Yesu alijibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3).

Eti imani chache! Basi Paulo naye hakuwa na imani, maana aliomba mara tatu mwiba wake wa mwilini uondoke na haukuondoka. Mwenzake wa safari, Trofimo, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo alipougua tumbo hakuambiwa apande mbegu. Aliambiwa atumie mvinyo kidogo, dawa ya siku zile. Anayemtoza mama laki tatu ili mwanawe apone anafanya biashara, tena biashara chafu. Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa katika mkanyagano wakiyawahi mafuta ya upako. Tulisikitika wiki moja, kisha tukarudi kwenye foleni zilezile.

Hao wa "shukuru tu" siwalaumu sana, ila Warumi 5 wameisoma nusu. Paulo anasema tufurahi katika dhiki, kwa kuwa dhiki huleta saburi. Hasemi dhiki yenyewe ni njema. Neno la Kigiriki lililofasiriwa "saburi" lina maana ya kubaki chini ya mzigo. Maumivu peke yake hayamkuzi mtu. Nimewaona waliotoka humo wachungu kama shubiri, na siwahukumu. Anayekua ni yule anayebaki na Mungu humohumo, hata kama ni kwa kugombana naye. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, akamdai Mungu majibu, huku rafiki zake wakimtetea Mungu kwa maneno matamu. Mwishowe hasira ya Mungu iliwaka juu yao, si juu ya Ayubu.

Kwa hiyo, kukuadhibu? Hapana. Kukukuza? Huenda, nawe utakuja kuliona mwenyewe baadaye. Lakini sithubutu kusema Mungu alimtesa mtoto ili mama yake apate somo.

Hicho kilio chako kando ya kitanda ni maombi. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo katika Biblia. Ukishindwa kuisoma, mwombe mmoja wa jumuiya yenu aje akusomee, wewe unyamaze tu.

Na ile laki tatu, kama bado unayo, iwe nauli ya kliniki. Mtoto akishikwa na homa, hata kama ni katikati ya ibada, ondoka naye hospitali saa hiyohiyo.