Stendibai ya Postgres ikichelewa kuamka, wachana nayo kwanza

Hii Nairobi stima inapotea vile inataka, jenereta nayo siku hiyo imekataa, sasa stima ikirudi seva zinawaka, praimari (seva kuu ya databesi ya Postgres) iko sawa lakini stendibai (seva ya pili inayonakili praimari) inakwambia tu "the database system is starting up". Ikiwa ni mwisho wa mwezi na watu wa fainansi wanatoa ripoti kwa hiyo stendibai, simu hazikomi, na hapo ndio mtu anapiga kill -9 (kuua prosesi kwa nguvu) ati aiwashe upya. Wacha bana. Ukiiua, stendibai inarudi kwa ristatipointi ya mwisho (mahali ilipohifadhi kila kitu kwa diski mara ya mwisho) na kuanza kusoma WAL (logi ya mabadiliko ya databesi) upya kutoka hapo.

Badala yake piga ps aux | grep recovering. Utaona jina la faili ya WAL, herufi na namba jumla 24, ngoja kidogo upige tena, zile za mwisho zikibadilika jua kazi inaendelea, enda ukunywe chai. Pia angalia systemd (programu ya Linux inayowasha sevisi), kwa sababu setingi yake isipoguswa inangoja sekunde 90 tu halafu inaua prosesi yenyewe, kwa hivyo weka TimeoutSec=infinity, nimeona watu wakilaumu Postgres na muuaji ni systemd.

Sasa kama ristati ni ya kupanga, hii ndio mimi hufanya. Stendibai haijitengenezei chekipointi (pahali data yote imeandikwa kwa diski), inafuata za praimari, so kama checkpoint_timeout yako (muda kati ya chekipointi) umeitoa kwa dakika 5 ukaweka 30 unaweza kuamka na WAL ya nusu saa ya kusoma. Piga CHECKPOINT kwa praimari, subiri stendibai ifikie hapo, piga CHECKPOINT kwa stendibai pia, ndio uzime na pg_ctl stop -m fast. Hiyo -m immediate (kuzima ghafla) achana nayo kabisa.

Ukiongeza max_connections (idadi ya koneksheni zinazoruhusiwa) anza na stendibai, ukipunguza anza na praimari, ukigeuza hiyo mpango stendibai itagoma kuwaka.

Na kama itazimwa muda mrefu na unatumia sloti (inayoiambia praimari iweke WAL mpaka stendibai ichukue), chunga diski ya praimari, WAL inajaa huko ikingoja mtu hayuko. Toka vashoni 13 kuna max_slot_wal_keep_size ya kuweka limiti, lakini stendibai ikipitwa na hiyo limiti na huna akaivu ya WAL (nakala zilizohifadhiwa kando), ni pg_basebackup upya (kunakili databesi yote tena), na hiyo ifanye usiku.