Joto ni nishati: Joule hakuwa wa kwanza
Je, mwanafizikia Mwingereza James Joule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonyesha kwamba joto ni aina ya nishati? Hapana, hakuwa wa kwanza, ingawa alilipima kwa uangalifu kuliko waliomtangulia. Mwaka 1798 mwanasayansi Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kama Count Rumford, alieleza jinsi mizinga ya kivita ilivyopata joto kali ilipokuwa ikitobolewa mjini München, Ujerumani. Katika jaribio moja alitumia keekee (chombo cha kutobolea) butu iliyozungushwa kwa nguvu za farasi, na maji yaliyozunguka mzinga yakachemka baada ya saa mbili na nusu hivi, bila moto wowote. Kwa kuwa joto liliendelea kutoka muda wote wa msuguano, aliikataa dhana iliyotawala wakati huo kwamba joto ni kimiminika kilichojificha ndani ya vitu, maana akiba ya namna hiyo ingepaswa kwisha.

Mwaka 1842 daktari Mjerumani, Julius Robert Mayer, alichapisha hoja kwamba kazi (yaani nguvu inaposogeza kitu) na joto vina uwiano maalumu, lakini kwa masikitiko makubwa alipuuzwa kwa miaka mingi. Joule alianza kuchapisha vipimo vyake 1843, na baadaye akatumia uzito unaoshuka kuzungusha makasia ndani ya maji, akipima ongezeko dogo sana la halijoto. Thamani ya uwiano huo inayokubaliwa leo ni takriban jouli 4.2 za kazi (jouli ni kizio cha nishati) kwa kila gramu ya maji inayopanda nyuzijoto 1 ya Selsiasi.

Tahadhari moja: Rumford aliliita joto mwendo, kwa sababu neno nishati lilipata maana yake ya sasa ya kisayansi katika karne ya 19.