"Between you and I" au "between you and me"?

Mdau, umeuliza kwa nini mwalimu alikukosesha "between you and I" wakati siku zote uliambiwa "me" ni ushamba. Mwalimu yuko sawa. Kihusishi cha Kiingereza (neno kama between, for, to) hufuatwa na kiwakilishi cha umbo la mtendwa: me, him, her, us, them. Kujipima, mtoe mwenzako kwenye sentensi. "She cooked for John and I" ukimtoa John inabaki "She cooked for I", na hapo sikio lenyewe linakataa. (Shakespeare naye aliandika "between you and I", ila wewe una mtihani.)

Kinachotuangusha zaidi ni kile cha kwenye barua za kazi: "I look forward to meet you". Hiyo "to" siyo ile ya "I want to meet". Ni kihusishi, hivyo kitenzi kinabeba -ing: "to meeting you". Jaribu kuweka nomino: "I look forward to the wedding" inakaa vizuri, "I want to the wedding" haikai. Vivyo hivyo "I'm used to waking early" ni mazoea ya sasa, "I used to wake early" ni zamani, ulishaacha.