Maswali ya Wasomaji: Televisheni, Mwanga wa Nje na Macho ya Mtoto

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume mwenye miaka 7 na wa kike mwenye miaka 3. Mkubwa akirudi shuleni hukaa mbele ya televisheni hadi usiku. Nikiizima analia, na nikimwambia atoke nje husema hana la kufanya huko. Kaka yangu anayeishi Ujerumani ananiambia wanawe hushinda nje hata siku za mvua, ilhali wifi yangu aliye Singapore anasema wa kwake hawatoki na darasani wanafanya vizuri. Je, televisheni inadhuru kweli, au hizi ni tofauti tu za malezi baina ya nchi na nchi?
Mama wa Wawili

JIBU: Mama wa Wawili, ahsante kwa barua yako. Nianze na wifi yako, kwa sababu Singapore imo katika utafiti mmoja ambao, kwa maoni yangu, una uzito kuliko mabishano mengi tunayoyasikia kuhusu televisheni. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Watafiti waliwalinganisha watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina, baadhi wakiishi Singapore na wengine Sydney, Australia, wakachunguza ni wangapi wasioona vizuri vitu vya mbali. Wazazi wenye tatizo hilo walikaribiana kwa wingi katika miji yote miwili, lakini watoto hawakukaribiana hata kidogo: Singapore walikuwa asilimia 29, na Sydney asilimia 3 na ushei. Huenda mtu akadhani wale wa Sydney hawakuwa wakisoma. Kumbe ndio waliosoma vitabu vingi zaidi kwa wiki. Tofauti kubwa iliyojitokeza ni muda wa kukaa nje, ambao kwa Sydney ulikaribia saa 14 kwa wiki na kwa Singapore ulikuwa saa 3 tu.

Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi yanahusu mwanga. Sebuleni mwanga mara nyingi haufiki lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga), ambapo nje mchana unaweza kupita 10,000, na hata kivulini mtoto hupata mwanga mwingi kuliko ndani. Mwanga huo huifanya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira, itoe kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia kulizuia jicho linalokua lisirefuke kupita kiasi. Jicho likirefuka, taswira ya kitu cha mbali huangukia mbele ya retina badala ya kutua juu yake, na mtoto huona ukungu ubaoni. Huko Guangzhou, China, baadhi ya shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30 katika shule hizo, na karibu asilimia 40 katika shule ambazo hazikubadili ratiba.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu linalijibu swali lako kwa namna ambayo watu wengi hawaitarajii. Kwa upande wa macho, kosa kubwa la televisheni ni kumweka mtoto ndani, na kitabu kinachosomwa ndani kutwa nzima kinaweza kumweka vilevile. Alama nzuri za darasani, kwa hiyo, hazimwondolei mtoto haja ya kutoka.

Kwa binti yako nina msimamo mkali zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na apate angalau dakika 180 za kujongea na kucheza. Ufaransa ilishachukua hatua mwaka 2008, ilipozizuia stesheni za nchini humo kurusha vipindi vilivyolengwa kwa watoto walio chini ya miaka 3. Mtazame binti yako akiwa na kopo la maji na fungu la mchanga: anamimina, mchanga unayanywa maji, anashangaa, anamimina tena, kisha anageuka kukuangalia kama nawe umeona. Televisheni haiwezi kumrudishia mtazamo huo. Usiiache iwake tu wakati hakuna anayeitazama, kwani hata hivyo hukatiza mchezo wa mtoto mdogo na hupunguza maneno ambayo mzazi humwambia.

Sikuambii uitoe nyumbani. Mama anayepika anahitaji nusu saa ya utulivu, na kipindi kizuri cha watoto, mkikitazama pamoja na kukizungumzia, kina faida kwa mtoto wa miaka 7. Ila anaposema hana la kufanya nje, mwamini. Kombolela haichezwi na mtu mmoja. Wanawe kaka yako huenda wanasoma katika chekechea za msituni, ambazo zilianzia Denmark na kupata kibali rasmi cha kwanza Ujerumani mwaka 1993, mjini Flensburg. Huko watu wazima ndio waliotenga saa, mahali, wenzao wa kucheza nao na mabuti ya mvua. Tafuta wazazi wawili au watatu wa jirani, mkubaliane muda mmoja wa alasiri ambao watoto wote watatolewa nje, nawe izime televisheni kabla kipindi kipya hakijaanza, si katikati yake.

SWALI: Mtaani kwetu magari yanapita kasi mbele ya malango. Nikimtoa mwanangu nje, nahofia uhai wake. Nifanyeje?
Baba Mwenye Hofu

JIBU: Baba, hofu yako ni ya haki, na wapo waliokuwa nayo kabla yako. Huko Delft, Uholanzi, wakazi na wahandisi waliigeuza mitaa kwa kuweka miti, viti na kona zinazomlazimisha dereva kwenda mwendo wa mtu anayetembea, na mwaka 1976 sheria ya nchi ikaitambua mitaa ya aina hiyo, ambamo watoto wanaruhusiwa kucheza barabarani. Peleka ombi la matuta kwa viongozi wa mtaa mkiwa wengi, lenye saini za wazazi. Wakati mnasubiri, chagueni ua au kiwanja kimoja kisichopitiwa na magari na mpeane zamu za kukaa na watoto: mkiwa wazazi wanne, kila mmoja akitoa alasiri moja, siku nne za juma zitakuwa na mlinzi.