Maswali na Majibu: Utando wa Mitokondria, kuanzia Darasani hadi Jikoni

Kitabu changu kinasema glukosi moja hutoa ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) 38, mwalimu anasema 32. Nishike lipi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kasarani)

Shika la mwalimu. Glukosi ikivunjwa, elektroni zake hubebwa na molekuli ziitwazo NADH na FADH2. Hesabu ya 38 inadhani kila NADH huzaa ATP 3 kamili na FADH2 huzaa 2. Sivyo. Elektroni zikipita kwenye utando wa ndani wa mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati, husukuma protoni nje. Protoni hizo zikirudi hupitia kimeng'enya kinachozunguka kama pangaboi, nacho ndicho huunganisha ADP na fosfeti kuwa ATP. Peter Mitchell alilipendekeza wazo hili mwaka 1961, akapingwa sana, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa piga hesabu mwenyewe. NADH moja husukuma protoni 10, FADH2 moja 6. Kutengeneza ATP moja na kuitoa nje ya mitokondria hugharimu protoni karibu 4. Kwa hiyo NADH ina thamani ya ATP 2.5 na FADH2 1.5. NADH 10 zinatoa 25, FADH2 mbili zinatoa 3, ongeza 4 zinazopatikana bila protoni: 32. NADH mbili huzaliwa nje ya mitokondria, na kwenye misuli elektroni zake mara nyingi huingia kwa bei ya FADH2, ndipo unapata 30. Hicho nacho ni kiwango cha juu, maana utando huvuja protoni kidogo muda wote.

Jiko la makaa likishakolea na moshi kuisha, naweza kuliacha ndani usiku huu wa baridi ya Julai? (Mama wa watoto wawili, Githurai)

Hapana mama, tafadhali usiliache. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa kaboni monoksidi, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ndani ya seli hukalia kimeng'enya cha mwisho cha mnyororo wa elektroni, yaani ile njia ya elektroni kwenye utando wa mitokondria, pale pale oksijeni inapotakiwa kukaa. Ubongo na moyo huumia mapema. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Litoeni jiko nje kabla ya kulala. Mkiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu watu kadhaa kwa pamoja, tokeni nje wote kisha mwende hospitali mpewe oksijeni, hata mkijisikia nafuu.

Natenga mitokondria za ini la panya, lakini nikitia ADP kasi ya kutumia oksijeni haipandi. (Mwanafunzi wa uzamili, Parklands)

Tazama kasi kabla ya ADP. Ikiwa tayari iko juu, utando wa ndani unavuja: protoni zinarudi bila kupita kwenye kimeng'enya. Ikiwa iko chini kabla na baada, kagua kama bafa ya kupimia ina fosfeti, na kama ADP yako haijaharibika. Kisha tia sitokromu c, protini inayobeba elektroni. Kasi ikipanda, utando wa nje umepasuka.

Uvujaji huletwa zaidi na joto, kusaga kupita kiasi, kalisi na asidi za mafuta. Osha damu mara moja kwa sukrosi 250 mM, Tris 10 mM na EGTA 1 mM, pH 7.4, vyote juu ya barafu. EGTA ndiyo inayonasa kalisi. Saga kwa mipigo michache isiyotoa povu. Zungusha 600 g (mara 600 ya nguvu ya mvutano, si gramu) kwa dakika 10, nyuzi joto 4, tupa mashapo. Majimaji yazungushe 7,000 g dakika 10; mashapo ya safari hii ndiyo mitokondria. Mafuta meupe yanayoelea yafute kwa karatasi laini kabla ya kumwaga, hapo ndipo wengi huharibu kazi. Albumini isiyo na asidi za mafuta husaidia. Usizigandishe kamwe: fuwele za barafu hupasua utando.

Mitokondria ni ya kuzalisha nishati; inaamuaje seli ife? (Muuguzi, Embakasi)

Kwa sitokromu c hiyo hiyo. Inapokuwa ndani ya mitokondria hubeba elektroni. Utando wa nje ukitobolewa humwagika, hushikana na protini Apaf-1 na kuwasha vimeng'enya vya kaspasi vinavyoivunja seli kwa utaratibu. Maabara ya Xiaodong Wang ilionyesha kazi hii ya sitokromu c mwaka 1996. Protini ya Bcl-2 huzuia utoboaji huo, na baadhi ya saratani za damu huizidisha ili zisife. Dawa ya venetoclax huziba Bcl-2, na mlango wa seli hizo kufa ukafunguka tena.